Vigelegele vya Shangazi Vilikuwa Njia ya Tatu

Kosa langu lilianzia kwenye kikao cha harusi. Ningefanya kama wanaume wenzangu wa hapa Sakina, Arusha, yaani kukaa nyuma karibu na mlango, kunywa soda ya kikao, kumsikiliza mwenyekiti akisoma makisio, na zamu yangu ikifika nitaje kiasi kwa sauti ya mtu mwenye kifua, leo ningekuwa nalala vizuri. Anayeoa ni mpwa wangu. Mjomba mtu natakiwa laki moja, na hicho wanakiita kima cha chini. Aliyewahi kuwa mjomba wa bwana harusi anajua kwamba kima cha chini cha mjomba hakina uchini wowote.

Sijui shetani gani aliniinua. Nikasimama, nikakohoa, nikasema, "Mimi natoa wimbo."

Sebule nzima ikanyamaza. Mweka hazina, ambaye ni shemeji yangu na daftari lake limepigwa mistari kwa rula, akanitazama juu ya miwani.

"Wimbo ni shilingi ngapi?"

Nikamweleza kwamba ni wimbo wa kuwaingiza maharusi ukumbini, mpya kabisa, nitautunga mwenyewe kwa kompyuta. Hilo neno kompyuta likawatuliza. Watu wakadhani laptop, wakaona mjomba kumbe kijana. Sikuwasahihisha. Shemeji akaandika: "Mjomba, wimbo, thamani 100,000/=." Hapo ndipo nilipojifunga kitanzi, na kamba nimeleta mwenyewe.

Sasa niwaeleze hiyo kompyuta, maana ndiyo mzizi wa ugomvi. Miaka kadhaa iliyopita mama watoto alinituma Njiro. Kulikuwa na mgeni anafunga mizigo kurudi kwao Ulaya, anauza vitu vya ndani kwa bei ya kutupa, kama wafanyavyo wageni wengi wa mji huu kila mkataba unapoisha. Nilitumwa jiko la gesi. Nikarudi na Amiga 500 ya Commodore, kipanya chake, mfuko wa flopi, kidude cha kunasia sauti kinachochomekwa nyuma, na adapta nzito kama tofali la kuchoma. Shilingi 60,000. Jiko nalo lilikuwa 60,000. Mpaka leo lile jiko linatajwa nyumbani kwangu kama marehemu. Ubwabwa ukiungua kidogo utasikia: "Lile jiko, lingekuwepo lile jiko."

Msinicheke. Nilikuwa nadai ujana wangu. Mwaka 1987 Mjerumani mmoja, Karsten Obarski, alitoa programu ya kutungia muziki kwenye Amiga, akaiita Ultimate Soundtracker. Hiyo ndiyo bibi wa programu zote zinazoitwa treka. Dukani haikufanya vizuri, lakini vijana wa Ulaya waliifungua, wakaichokonoa, wakaitengeneza upya. Waswidi wawili waliojiita Mahoney na Kaktus wakatoa NoiseTracker mwaka 1989, na 1990 ikaja ProTracker, ambayo ndiyo niliyoikuta kwenye ule mfuko wa flopi. Kijana wa Stockholm wa rika langu alikuwa chumbani kwake, amevaa soksi, anatunga muziki wa kompyuta. Mimi wakati huohuo nilikuwa juu ya Ngaramtoni nachunga mbuzi wa babu, na chombo changu cha elektroniki kilikuwa redio ya betri nne iliyoishika RTD kwa msaada wa waya wa senyenge.

Hata ningekuwa na hela, isingesaidia. Kuingiza kompyuta na televisheni nchini kulipigwa marufuku mwaka 1974, na zuio hilo lililegea polepole mno. Wazanzibari walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tukasubiri vituo vyetu vya kwanza hadi 1994. Sasa angalia mkosi. Kompyuta ya aina hii haina kioo chake, inataka ichomekwe kwenye televisheni. Na Commodore wenyewe walifilisika Aprili 1994. Yaani mwaka tuliopata televisheni ya kuichomeka ndio mwaka wenye mashine walifunga duka. Nimewahi kuachwa na mabasi mengi pale stendi, lakini hili la 1994 ndilo linaloniuma.

Turudi nyumbani. TV bapa iliyopo sebuleni ni ya tamthilia za Kituruki, na ikifika saa tatu usiku haiguswi hata kama mlima Meru umeamka. (Mlima huo ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, kwa hiyo tamthilia ina nafasi kubwa ya kuendelea.) Ilibidi nikachukue TV ya chogo iliyokuwa stoo tangu enzi za kuhamia dijitali, pale mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwisho wa 2012 na kila mtu akaambiwa anunue kingamuzi. Kule stoo ilikuwa imepata mpangaji. Kuku mwekundu alikuwa amejenga kiota juu yake, ana mayai saba, na hakuwa na nia ya kuhama. Alama ya mdomo wake ninayo kwenye kidole hiki ninachobonyezea.

Chogo ikawaka. Ila Amiga 500 kupitia ile pini ya njano haitoi rangi, inatoa kijivu tu. Kupata rangi unahitaji kidude kingine ambacho yule mgeni wa Njiro ama alisahau kunipa, ama alinionea huruma akaona mzigo umeshakuwa mkubwa. Kwa hiyo nina TV ya rangi, inchi 21, inayonionyesha dunia kama mawingu ya Juni. Mashine hii ikigoma kabisa huandika juu ya kioo maneno "Guru Meditation" ndani ya kiboksi kinachowaka na kuzima. Wenye bahati wanakiona chekundu. Mama watoto alipita siku moja akakiona, akauliza ni nini.

"Guru anatafakari."

"Anatafakari nini?"

"Kwamba imeshindikana."

"Basi huyo ana akili kuliko wewe," akasema, akaenda zake kuchambua mchele.

Flopi nazo ni hadithi yake. Flopi moja ya Amiga inabeba kilobaiti 880, yaani picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu ya siku hizi ingehitaji flopi tatu au nne. Zangu zilikuwa arobaini kwenye mfuko. Lakini masika ya Arusha na ile baridi ya Julai havikuziacha salama, zikaota ukungu kama mkate wa juzi. Ukiingiza flopi yenye ukungu, uchafu unahamia kwenye kichwa cha kusomea, halafu na ile nzima utakayoiweka baadaye inakataa. Nikapanda kifodi na mashine mapajani hadi Kilombero kwa fundi wa redio. Kondakta akanitoza nauli ya watu wawili.

Fundi akaizungusha, akaigonga mgongoni. "Mzee, hii taipureta umeitoa wapi?"

Akaifungua. Ndani akamtoa mjusi mkavu, mwembamba kama kadi ya benki, akamweka kando kwa heshima. Akasafisha kichwa kwa pamba na spiriti, akadai elfu kumi na tano, tano kati ya hizo zikiwa za mjusi. Kati ya flopi arobaini, kumi na moja zikasoma. Ya ProTracker ilikuwemo, ndiyo maana leo naandika safu hii.

Ukiiwasha bila flopi, mashine hugonga tk, halafu baada ya muda tk tena, inauliza chakula. Usiku nyumba imetulia unaisikia hadi chumbani. Wiki ya kwanza mama watoto aliinuka na fagio akidhani ni ndugu yake yule mjusi marehemu wa Kilombero amekuja kumfuata.

Sasa, treka ni nini? Usifikirie kinanda kwenye skrini, wala mistari mitano ya nota za Wazungu. Ni safu nne zilizosimama wima, zimejaa herufi na tarakimu, zinateremka juu kwenda chini kama maji ya mto Themi siku ya mvua. Kila safu ni njia moja ya sauti, na Amiga ina njia nne tu. Mbili hutokea kushoto, mbili kulia. Ya kwanza na ya nne kushoto, ya pili na ya tatu kulia. Shikeni hapo kwenye kushoto na kulia, maana ndipo nilipokuja kuzikwa. Karatasi moja ya muziki ina mistari 64, inahesabiwa kuanzia sifuri. Kwenye kila mstari unaandika noti, namba ya ala, na amri. Unaandika kwa kibodi ileile ya kuandikia barua: ukibonyeza Z unapata C, ukibonyeza X unapata D, S iliyo katikati yao ni ile nyeusi ya kinanda.

Na amri zake zinahesabiwa kwa kumi na sita. Baada ya tisa haiji kumi, inakuja A, halafu B, mpaka F. Ukitaka sauti ijae kabisa unaandika C40, na hiyo arobaini si arobaini, ni sitini na nne. Ukitaka mapigo 125 kwa dakika unaandika F7D. Kijana wangu aliyemaliza kidato cha sita alishika kichwa. Mimi halikunitisha. Mtu aliyekulia katika nchi ambayo saa inaonyesha saba na yeye anasoma saa moja hawezi kutishwa na arobaini inayojifanya sitini na nne.

Nikaanza kutafuta ala. Kile kidude cha kunasia sauti kinachukua sauti yoyote kutoka kwenye maikrofoni, unaigeuza kuwa ala. Programu inakubali ala 31, lakini mashine yote ina kumbukumbu ya nusu megabaiti, na sekunde moja ya sauti ya kuridhisha inakula kilobaiti kumi na sita hivi. Unaishi kwa kubana. Nikanasa mfuniko wa sufuria, ukawa tasa. Debe la mahindi likawa ngoma. Njuga ya mbuzi wa jirani nikainasa kupitia uzio, mbuzi akala waya wa maikrofoni sentimita kumi. Nilitaka na zile sauti nzito za kifuani za morani wa Kiarusha wakiruka, kwa sababu mji huu una historia hiyo. Kundi la X Plastaz la hapahapa liliuchanganya uimbaji wa Kimaasai na hip hop, na albamu yao Maasai Hip Hop ikatoka mwaka 2004. Bahati mbaya morani pekee ninayemfahamu ni mlinzi wa duka la dawa, na alisema haruki kabla ya mshahara.

Ndipo akaja shangazi kusalimia.

Shangazi ana umri wa miaka sabini na kitu, na vigelegele vyake vinajulikana kuanzia Mianzini mpaka Kisongo. Nikamwomba apige kimoja kwenye maikrofoni. Akaweka mkoba chini, akafunga kitenge vizuri, akavuta pumzi. Sekunde nne. Karibu kilobaiti 64 zikaenda kwa mkupuo mmoja. Ikabidi nifute njuga ya mbuzi na nusu ya debe ili shangazi apate pa kukaa. Lakini lilikuwa jambo la kusikia! Hata kwa mashine hii, ambayo kila chembe ya sauti inaipima kwa ngazi 256 tu na kila kitu kinatoka na mchakacho wa mafuta ya kukaangia, vile vigelegele vilinisimamisha nywele.

Tatizo la treka ni kwamba ukipandisha noti sauti inakimbia, ukiishusha inajikokota. Nikabonyeza noti ya juu kumwonyesha. Shangazi akatoka mbu. Nikabonyeza ya chini. Akatoka lori la mchanga linapanda mlima kwa gia ya kwanza.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, shangazi, ila nimekushusha."

"Nipandishe," akasema. "Unipandishe mahali pangu uliponikuta." Akaenda kuwaambia wanawake wote wa jumuiya kwamba siku ya harusi atasikika kwenye spika.

Aliyenikatisha tamaa zaidi ni chalii wa jirani, mtengeneza biti. Anatumia FL Studio, programu iliyoanza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na kwenye laptop yake ana njia za sauti kuliko njia za panya stoo kwangu. Alisimama nyuma yangu akitazama tarakimu zinavyoteremka.

"Mzee, mbona unaandika Excel?"

Nikamwambia kwamba Calvin Harris wa Uskoti alitengeneza albamu yake ya kwanza, ile ya 2007, kwa Amiga na treka. Akatafuta kwenye simu, akakuta kweli, akanyamaza. Nikamwambia Wafini waliingiza utamaduni wa vijana hawa wa kompyuta za zamani kwenye orodha ya urithi wao wa taifa mwaka 2020. Akasema Wafini wana baridi, hawana pa kwenda. Nikamkumbusha mchiriku wa Dar es Salaam, vinanda vidogo vya Casio vilivyochoka vikipitishwa kwenye spika za honi, uswahilini hapalaliki. Hapo akalainika kidogo. Akaomba basi nimpigie singeli. Singeli inapita mapigo mia mbili kwa dakika; nikaandika FDC, yaani 220, nikawasha. Zile safu nne zikateremka kama mawe ya Meru, debe likalia kama mvua ya bati, shangazi akawa king'ora. Chalii akacheza. Mama watoto akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Hakusema neno. Nikarudisha 125.

Usiku uleule nilipomaliza karatasi ya sita ya muziki, giza. Treka inaweka kila kitu kwenye kumbukumbu ya mashine mpaka uihifadhi kwenye flopi kwa hiari yako, na mimi hiari hiyo nilikuwa naiahirisha ili kichwa cha kusomea kisichoke. Jioni nzima ikayeyuka. Nikatoka nje kuangalia kama ni mtaa mzima. Taa zote za Sakina zilikuwa zinanicheka.

"Nilikwambia tangu asubuhi units zimebaki mbili," sauti ikatoka gizani.

Aliyenielewa alikuwa mtu mmoja, na sikumtegemea. Mwalimu wa kwaya wa usharika wetu alikuja kufuata kitabu chake. Mzee wa zamani, mwenye kalamu mfukoni na mluzi wa kutafutia sauti. Nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yameshafika kwenye chogo. Akavuta kiti. Akaitazama ile karatasi ya kijivu ikishuka, midomo yake ikaanza kutembea.

"Hii ni solfa," akasema. "Wameisimamisha tu."

Jamani! Miezi mitatu naishi na kitu hiki sikuwahi kukiona. Wanakwaya mtanielewa. Zile nota tunazoandikiwa ubaoni, d, r, m, zenye nukta mbili kati ya pigo na pigo na kistari pale sauti inapoendelea, ambazo Mwingereza John Curwen alizieneza karne ya 19 na wamisheni wakatuletea. Si ni herufi zilizopangwa kwenye vyumba vya muda vinavyolingana? Na si ziko nne, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, moja juu ya nyingine? Ilaze treka ubavu, una kwaya. Mjerumani wa 1987 alikuwa ameandika kwa namna yake kitu ambacho bibi zetu walikuwa wanakisoma kanisani bila umeme.

Mwalimu hakuwa na muda wa kushangaa na mimi. Alishaanza kusahihisha. Kwanza hakupenda kwamba C ni C tu. "Kwetu do inahama, unaiweka panapowafaa waimbaji. Hii do imejengewa nyumba." Halafu akaweka kidole kwenye njia ya nne, pale nilipoandika amri 047, ambayo inaifanya ala moja iruke haraka kati ya do, mi na so mpaka sikio lidhani ni watu watatu. "Huyu anaimba sauti tatu peke yake?" Nikasema ndiyo, njia hazitoshi. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Kama usharika mdogo."

Kisha akanipata penye kidonda. "Besi yako inamfuata huyu wa juu hatua kwa hatua, kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Kila mmoja apewe safari yake." Akachukua kalamu, akaandika besi mpya nyuma ya bahasha ya sadaka, kwa solfa. Nikaihamishia kwenye treka mstari kwa mstari mpaka saa sita usiku. Nilipoiwasha, nilizima tena upesi, nikakaa kwanza. Ilikuwa nzuri mno kuwa yangu.

Siku ya harusi tulikodi kirikuu. Kijana wangu alisema nirekodi tu wimbo kwenye simu nimtumie DJ. Alikuwa sahihi na simsamehe. Mimi nilitaka watu waone mashine. Chogo ikabebwa na wanaume wawili, adapta na mmoja, Amiga nikaikumbatia mwenyewe imefunikwa kitambaa cha kufumwa cha mama watoto. Kitambaa chenyewe ndicho nilichotandika mezani ukumbini, na ile goroli ya kipanya ikanasa kwenye matundu yake kila nilipotaka kwenda kushoto.

Wimbo nilikuwa nimeupanga hivi. Njia ya kwanza, besi ya Mwalimu. Njia ya pili, ngoma za debe. Njia ya tatu, sauti ya kuongoza, na mwisho wa karatasi ya pili, mstari wa 48, vigelegele vya shangazi. Njia ya nne, kinanda kile cha usharika mdogo. Nyuma ya mashine kuna pini mbili za sauti, nyeupe ya kushoto, nyekundu ya kulia. Nikamkabidhi DJ waya. Akachomeka mweupe, akauangalia mwekundu, akauacha unaning'inia.

"Huo mwingine?"

"Tundu lake limekufa, mzee. Haina shida, sauti ni ileile."

Na mimi, mtu wa miezi mitatu na treka, mtu ninayejua ni njia zipi zinatokea wapi, nikaitika sawa. MC alikuwa ameshaanza kupiga kelele kwamba maharusi wako mlangoni na wanaingia na wimbo ambao haujawahi kusikika duniani, mtunzi mjomba mtu. Nikabonyeza.

Bum. Bum... bum. Nyeee.

Besi na kinanda, basi. Debe lilikuwa kwenye waya mwekundu. Sauti ya kuongoza ilikuwa kwenye waya mwekundu. Bwana harusi na bibi harusi, bestimani na matroni, waliokuwa wamefanya mazoezi wiki mbili na wimbo mzima, wakasimama mlangoni mguu mmoja juu, wanasubiri ngoma iwaambie waweke wapi. Kisha wakaanza kuja hivyohivyo, taratibu, kama watu wanaovuka tope wakiwa na viatu vya kuazima. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi alisimama wima, mikono ubavuni, akidhani ni wimbo wa taifa wa nchi fulani.

Mimi macho yalikuwa kwenye chogo. Tarakimu zinateremka. Karatasi ya pili. Mstari wa 40. Shangazi yuko meza ya tatu, amekaa mbele ya kiti, amewashika mkono jirani zake wote wawili. Mstari wa 44. Wa 47. Wa 48 ukapita kimya.

"Vigelegele vyangu viko wapi?" Ukumbi wote ulisikia.

Hakusubiri jibu. Akasimama, akafunga kitenge, akavuta pumzi ileile niliyoijua, akapiga mwenyewe. Sekunde zaidi ya nne, bila kikomo cha kilobaiti. Wanawake wa jumuiya wakampokea, meza zikaanza kupigwa viganja, mtu akachukua chupa na uma. Hawakufuata mapigo yangu 125, walikwenda kwa yao, na maharusi wakashusha miguu wakacheza mpaka jukwaani. Mwalimu wa kwaya, pembeni, alikuwa amefumba macho anaisikiliza besi yake, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa na ukumbi mzima kwa ajili yake. Alinishukuru baadaye. Alidhani nimefanya makusudi.

Jumanne jioni kikao cha kuvunja kamati. Shemeji akafungua daftari, akapita majina, akafika kwangu, akasoma bila kuinua macho: "Mjomba, wimbo, 100,000. Umepokelewa nusu. Baki 50,000."

Nikajitetea kwamba wimbo ulikuwa mzima ndani ya mashine, aje nyumbani nimpigie. Akasema kilichofika ukumbini ndicho kilichochangwa. Nikageuka kwa mwenyekiti, nikageuka kwa mama watoto. Mama watoto alikuwa anakubaliana na daftari.

Nimeshalipa elfu ishirini. Thelathini bado, na kijana wa pili wa dada yangu naye ametangaza uchumba. Mwenye flopi za zamani zisizo na ukungu asizitupe, aulizie Sakina kwa mzee mwenye chogo. Na mwenye jiko la gesi la kuuza, la 60,000 au chini ya hapo, apitie mlango wa nyuma aongee na mimi kwanza.